Moja Saba Ubaoni

Chaki ndiyo iliyoniponza. Mwaka ule shule yetu ya Nangara ilipata boksi moja la chaki kwa muhula mzima, na mwalimu mkuu akalifungia kabatini pamoja na kengele na dawa ya vidonda. Kila Jumatatu tulipanga mstari ofisini kwake, naye akatupa kila mmoja kidole kimoja cha chaki huku akitutazama kana kwamba tunakwenda kukila. Ilikuwa miaka ile ya shida, unayoikumbuka kwa vitu ambavyo havikuwepo: sabuni, sukari, mafuta ya taa, betri, karatasi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa hisabati wa darasa la saba, na elimu yangu mwenyewe ilikuwa darasa la saba na mafunzo ya kazini ya haraka haraka. Nilikuwa na hasira za karibu na sauti kubwa. Watu walisema ninajua kutawala darasa, nami niliamini kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kwa sababu ya chaki, nilipotaka namba kubwa ya kuandika ubaoni nilichagua yenye moja nyingi. Moja ni mstari mmoja tu, lakini nane inakula chaki bila huruma. Ndivyo ilivyoingia darasani kwangu namba hii: milioni moja, laki moja, elfu kumi na moja, mia moja na kumi na moja. Moja saba, zimesimama sambamba.

Mkufunzi wetu wa mafunzo ya kazini alituambia kuwa hiyo ni namba tasa, maana yake haigawanyiki kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Sikumwamini hivi hivi, nisijidhulumu. Nilijaribu kwa mkono wangu. Ukiigawa kwa mbili inabaki moja. Kwa tatu inabaki moja. Kwa tano, moja. Kwa saba, moja. Kwa kumi na moja, moja. Kwa kumi na tatu, moja tena! Nilishtuka kwa furaha. Niliona kuwa namba hii ina msimamo, kila unapoibishia hodi anatoka mtu yule yule kukuambia hakuna nafasi. Kwa kumi na saba ikabaki nane, lakini kufikia hapo nilikuwa nimeshaipenda. Nikaendelea hadi tisini na saba, mkono ukachoka, nikaacha. Kwa haki nilipaswa kwenda hadi elfu moja na zaidi kidogo ndipo nipate uhakika. Sikwenda. Niliandika moja saba kwenye kona ya juu ya ubao, nikaziacha pale wiki baada ya wiki, na nikawaambia wanafunzi, "Nimeijaribu hadi tisini na saba, hii haigawanyiki. Msihangaike nayo."

Daftari zilikuwa chache, moja kwa watoto wawili, nazo tulizitunza kwa majaribio. Hesabu za kila siku tulizifanya chini. Nje ya darasa, upande wa ukuta unaotazama mlima Kwaraa, kila mtoto alikuwa na kiwanja chake cha vumbi, hatua mbili kwa mbili, na kijiti chake. Nilipita katikati yao nikisahihisha kwa kidole cha mguu. Na kila asubuhi, kabla ya kwenda mstarini, watoto wa zamu walifagia uwanja wote. Vumbi lilirudi kuwa tupu kama daftari jipya. Tuliona huo ni ujanja mkubwa.

Katika darasa hilo alikuwamo binti mmoja kutoka Sigino. Alitembea zaidi ya saa moja kuja shule, na sweta lake lilikuwa limebaki na mkono mmoja. Hakuwa msemaji, lakini alikuwa mtu wa kunyoosha mkono. Aliunyoosha kabla sijamaliza swali. Aliunyoosha hata nilipokuwa sijauliza kitu. Aliushikilia kwapani kwa mkono wa pili, kama anauzuia usimkimbie. Wakati mwingine nilimwambia, "Shusha, wapo na wengine humu," darasa likacheka, naye akacheka pia, akaushusha, na baada ya dakika mkono uko juu tena. Yeye ndiye niliyemtegemea katika mtihani wa kumaliza darasa la saba. Shule yetu ilizoea kutoa mtoto mmoja au wawili tu wa kwenda sekondari, na miaka mingine hakuna.

Asubuhi moja mwalimu mkuu aliingia darasani kukagua, akasimama nyuma na mikono yake mgongoni. Nilikuwa ninafundisha namba tasa. Nikaonyesha ile kona ya ubao na kusema kwa sauti yangu kubwa kwamba ile haigawanyiki kwa namba yoyote iliyoumbwa. Mkono ukapanda.

"Mwalimu, inagawanyika."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Unasemaje?"

"Inagawanyika, mwalimu. Kwa mia mbili thelathini na tisa."

Nilihisi macho ya mwalimu mkuu usoni kwangu, na masikio yakaanza kupata moto. Nikamuuliza amejuaje. Akasema alianzia pale nilipoishia mimi, mia na moja, akawa anajaribu namba moja moja kila siku baada ya masomo, kwenye kiwanja chake, na jana imefika. Nikasema vizuri, twende ukatuonyeshe. Tukatoka wote, na mwalimu mkuu akatufuata.

Kiwanja chake kilikuwa kimefagiwa. Alama za ufagio zilipita pale zimenyooka, safi kabisa. Binti akasimama anayatazama yale mavumbi kama mtu aliyekuta nyumba yake haipo. Kisha akanigeukia na kunyoosha mkono hapo hapo nje, tumesimama.

"Mwalimu, niazime chaki, nitaifanya tena ubaoni."

Hapo ndipo ninapojikamata kila nikikumbuka. Nilikuwa na chaki mfukoni, imebaki nusu kidole, na ilikuwa Jumatano. Nikafikiria Alhamisi na Ijumaa. Nikafikiria pia mwalimu mkuu, na mtoto wa miaka kumi na minne kunisahihisha mbele yake. Nikamwambia chaki ya serikali si ya kuchezea. Akasema basi atafanya chini, hata sasa hivi, haichukui muda. Nikamwambia anadanganya. Akasema, "Sidanganyi, mwalimu." Nikaona ananibishia. Nikamchapa fimbo nne za miguu mbele ya darasa zima, na mwalimu mkuu akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Hasira haikuishia hapo. Nilichana karatasi ya kaki iliyokuwa imefungiwa sukari, nikaandika: "Mzazi, mtoto wako ni mwongo na mbishi. Mwonye." Nikamkabidhi ampelekee baba yake. Alipokea kwa mikono miwili, kama tulivyowafundisha.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Wiki ya pili watoto wa Sigino wakaniambia baba yake amemtoa shule. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tano. Nilisema, "Shauri yake," na nilisema kwa sauti ili kila mtu asikie, lakini moyoni niliingiwa na ubaridi.

Jumamosi hiyo ilisemekana kuna sabuni mjini. Nilifika dukani alfajiri imeshapambazuka, nikakuta foleni imepita kona, nusu yake watu na nusu yake mawe. Siku hizo ukichoka uliweka jiwe lako mahali pako, ukaenda kukaa kivulini, na jiwe likaheshimiwa kama wewe mwenyewe. Niliweka langu, nikachuchumaa kando ya ukuta. Saa zikapita, mlango haujafunguliwa. Nikaokota kijiti. Nia yangu, niseme kweli, ilikuwa kupata baki. Nilitaka nijue ukigawa kwa mia mbili thelathini na tisa inabaki ngapi hasa, ili siku nikimwona yule binti nimwambie: inabaki kadhaa, umeona? Nilitaka nitulie.

Nikaandika moja saba kwenye vumbi. Katika nne za kwanza, elfu moja mia moja na kumi na moja, mia mbili thelathini na tisa inaingia mara nne, inabaki mia moja hamsini na tano. Nikashusha moja. Inaingia mara sita, inabaki mia moja kumi na saba. Nikashusha moja. Mara nne, inabaki mia mbili kumi na tano. Nikashusha moja ya mwisho, ikawa elfu mbili mia moja hamsini na moja. Nikazidisha mia mbili thelathini na tisa kwa tisa, kando, taratibu.

Elfu mbili mia moja hamsini na moja.

Nilitazama zile namba mbili, moja juu ya nyingine, zinafanana tarakimu kwa tarakimu. Ukitoa hakibaki kitu. Nikafuta kwa kiganja, nikafanya upya. Hakibaki kitu. Nikafanya mara ya tatu, hadi kijiti kikavunjika. Mia mbili thelathini na tisa mara elfu nne mia sita arobaini na tisa. Namba niliyoisimamisha kwenye kona ya ubao kama askari ilikuwa imefunguka katikati, na aliyeifungua nilimchapa fimbo nne.

Mama aliyekuwa nyuma ya jiwe langu aliniuliza, "Mwalimu, unaumwa? Mlango umefunguliwa, sogeza jiwe." Nilimwambia achukue nafasi yangu. Alinishangaa sana, kwa sababu hakuna mtu aliyetoa nafasi ya sabuni mwaka ule.

Nilitembea hadi Sigino bila kunywa maji. Nilimkuta baba yake uani anachonga mpini wa jembe. Alikuwa mkulima mtu mzima, aliyeshuka kutoka nyanda za Mbulu kutafuta shamba, mpole, mwenye Kiswahili cha kupima neno kwa neno. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwalimu, akanifutia kigoda kwa kofia yake. Mkewe akaleta chai isiyo na sukari, akaomba radhi kwa hiyo sukari. Binti alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mchanga mgongoni. Hakunitazama.

"Baba, nimekuja kwa sababu ya ile barua," nikasema.

"Barua niliipata, asante sana," akasema. "Nikamwonya. Nimemchapa sana, mwalimu, usiwe na wasiwasi. Wiki ijayo anakwenda kwa shangazi yake huko juu, akalee watoto. Shule nisimpotezee mtoto wa mwenzangu nafasi kwa kumpa mwongo."

Nilikuwa nimejua nitakuta hasira. Sikujua nitakuta shukrani. Nikauliza, kwa kutafuta tu neno la kusema, ni nani aliyemsomea barua.

"Yeye," akasema, na kuonyesha mlangoni kwa kidevu. "Mimi sijui kusoma. Mama yake pia. Hapa barua zote ni yeye."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji kichwani. Nilimpa mtoto karatasi iliyomwita mwongo, akaipeleka kwa watu wawili wasiojua herufi hata moja. Angeweza kuwasomea kwamba mwalimu anasalimia. Angeweza kuwasomea kwamba shule inafungwa. Alisimama mbele ya baba yake akamsomea neno kwa neno kwamba mtoto wako ni mwongo, kisha akachapwa. Na mimi, mwenye kazi ya kufikiri, sikulifikiria hilo hata mara moja.

"Baba," nikasema, "mwongo ni mimi. Hesabu aliyoisema ni ya kweli. Nimekosea mimi."

Akanitabasamia. "Una moyo mzuri, mwalimu. Umekuja kumwombea msamaha."

"Sikuja kumwombea. Nimekosea!"

"Mwalimu hawezi kukosea mtoto akapata," akasema kwa upole kabisa, na akarudi kwenye mpini wake.

Nilijaribu kumweleza kila namna. Kadiri nilivyojilaumu, ndivyo alivyozidi kuniona mwema. Nilikaribia kulia kwa hasira, safari hii hasira ya kunishinda mimi mwenyewe. Mwisho nikamwomba jambo moja. Nikasema nitakaa nyuma ya nyumba, binti akae mbele, tusionane. Kila mmoja azidishe namba zile zile mbili kwenye vumbi, na yeye baba apite atazame.

"Nitatazama nini, na sijui kusoma?"

"Hii utaisoma," nikasema. "Jibu likiwa kweli, utaona fimbo saba zimesimama mstari mmoja. Hakuna kingine."

Hilo lilimgusa. Aliweka mpini chini. Binti alimkabidhi mama yake mtoto, akaokota kijiti. Mimi nikaenda nyuma, karibu na zizi, nikapiga magoti. Nilikuwa nimeifanya asubuhi ile ile, lakini kule nyuma nilisikia kijiti chake kikikwaruza upande wa pili haraka haraka, bila kusita, nikaanza kushindana naye. Ndivyo nilivyokuwa. Baba alikuja, akainama juu ya jibu langu, akatazama kwa muda mrefu, akaenda mbele, akarudi.

"Za mtoto zimesimama saba," akasema. "Zako, mwalimu, katikati pana yai."

Nikatazama. Nilisahau kubeba moja, na palipotakiwa moja niliandika sifuri. Nilisahihisha mbele ya macho yake, nafuta yai kwa kidole, nachora fimbo. Akazihesabu kwa kugusa kila moja, moja hadi saba. Kisha akaenda mbele akazihesabu za binti yake kwa namna hiyo hiyo, amechuchumaa, na hakuinuka. Nilipomfuata nilimkuta bado amegusa ile ya mwisho.

"Nilimchapa kwa neno lako," akasema. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Aliingia ndani, akatoka na ile karatasi ya kaki, imekunjwa vizuri. Alikuwa ameitunza pamoja na risiti zake za kodi, kwa kuwa ilitoka shuleni. Akanipa, akaniambia niandike nyingine, niseme si mwongo, naye binti atamsomea. Sikuwa na karatasi nyingine. Niliandika nyuma ya ile ile: "Mzazi, mtoto wako alisema kweli. Mwongo alikuwa mwalimu." Binti akasoma. Alisoma kwa sauti ile ile ambayo bila shaka alisomea upande wa kwanza, bila kuongeza, bila kupunguza.

Jumatatu alirudi. Nilimpa chaki mbele ya darasa, kidole kizima cha wiki nzima, nikawaambia wenzake kwamba nilikosea na yeye alipata. Hakuna aliyewahi kusikia mwalimu akisema hivyo. Mtoto mmoja alicheka kwa woga, akaziba mdomo. Binti aligawa zile moja saba hadi mwisho, akaandika sifuri, akapuliza vumbi la chaki vidoleni, akanirudishia kipande kilichobaki. Nilimwambia akae nacho. Akakiweka juu ya meza yangu, akaenda kuketi.

Wiki zote tano zilizobaki nilisubiri ule mkono. Nilipouliza swali nilitazama upande wake kwanza, nikangoja, nikauliza tena kwa upole ambao haukuwa wangu. Mikono yake ilikaa juu ya dawati, mmoja juu ya mwingine. Nikimtaja anasimama, anajibu, jibu ni sahihi, anaketi. Mtihani aliufanya, na majibu yalipokuja alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari, yeye peke yake katika shule yetu. Mwalimu mkuu alipiga kengele. Mimi nililia ofisini, nikijiambia kwamba basi, imerekebishika.

Alikuja kuniaga na baba yake, amevaa sweta jipya lenye mikono yote miwili. Baba alinishika mkono akashukuru hadi nikaona aibu. Nilitaka kumpa binti zawadi nami sikuwa na kitu, kwa hiyo nikampa swali, kama tulivyozoea zamani. Nikamwambia ile elfu nne mia sita arobaini na tisa, iliyotoka ubaoni siku ile, je, yenyewe inagawanyika? Niliona macho yake yakiwaka, kidogo tu. Niliona midomo ikicheza, akapita namba moja baada ya nyingine. Alikuwa amekwisha kuijaribu, nina hakika, huko nyumbani kwenye vumbi lake, na jibu alikuwa nalo.

Kisha akatazama chini.

"Mwalimu anasemaje?" akaniuliza.